Keki Hizi Haziuzwi

Oka keki ndogo za viungo nyumbani kwako Tunduma, harufu ya iliki na mdalasini ivuke ukuta, na kabla hazijapoa utakuwa umeshaulizwa: "Mbona huuzi?" Atauliza jirani, atauliza mwenzako wa VICOBA, atauliza shemeji aliyepita kusalimia. Wote wanakutakia mema. Kwao swali hilo ni sifa. Wanakwambia mkono wako unafaa kulipwa. Ukijibu kwamba umeoka kwa kuwa unapenda kuoka, kwamba ile saa ya kuchekecha unga na kutwanga iliki ndiyo inayokutuliza roho wiki nzima, watakutazama kwa huruma, na mmoja wao atakutolea simu akuonyeshe picha za mama fulani wa Mbeya aliyeanza na jiko moja na sasa anasambaza keki za harusi.

Napinga swali hilo. Nalipinga kwa sababu limekubalika kila mahali bila kujadiliwa. Kwenye semina za ujasiriamali mwanamke anafundishwa sabuni ya maji, batiki na keki, na kila somo linaishia kwenye gharama, bei na faida. Redioni mshauri wa biashara anawaambia wasikilizaji wageuze wanachokipenda kuwa mradi. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, inamtaka kila kikundi kije na mradi wake. Hilo la mwisho sina ugomvi nalo, mkopo lazima uwe na mradi. Ugomvi wangu unaanza pale fikra ya mradi inapotoka kwenye fomu ya mkopo, ikaingia jikoni na kumhukumu mtu kwa saa moja ya Jumapili alasiri. Ukiufuata msimamo huu mpaka mwisho wake unakufikisha hapa: ujuzi usioingiza fedha umelala, na mtu wa kipato kidogo, hasa akiwa mwanamke, hana haki ya furaha ambayo hawezi kuitolea hesabu.

Naelewa kwa nini mji huu umeuamini msimamo huo kuliko miji mingine. Tunduma imekuzwa na njia. Ilipita barabara kuu ya kwenda Zambia, ikapita reli ya TAZARA miaka ya 1970, na mpaka ukawageuza wakazi wake kuwa watu wa kuhesabu fedha za aina mbili tangu utotoni. Hatua chache kutoka hapa ni Nakonde, upande wa Zambia. Mtu hununua asubuhi kwa kwacha na kuuza mchana kwa shilingi. Malori yanayoshusha shaba ya Kongo na Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam, na yale yanayopandisha mafuta na bidhaa, hupanga foleni ambayo siku mbaya hurudi nyuma mpaka Chapwa na Mpemba, na pembeni ya foleni hiyo wapo wauza chai, wauza mayai ya kuchemsha, mawakala wa forodha, na wabadilisha fedha wenye mabunda mkononi. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yakawekwa Vwawa, lakini muulize yeyote fedha inazunguka wapi, atakutajia Tunduma. Katika mji wa namna hiyo, anayefanya jambo bila kuuliza litalipa kiasi gani anaonekana bado hajaamka usingizini.

Kuna pia madeni, nayo siwezi kuyapita kimya. Wanawake wengi wa mji huu wanaishi kwa ratiba ya marejesho. Kuna marejesho ya kikundi, kuna ya taasisi ya mikopo, kuna yale ya kausha damu ambayo mtu huyachukua ili alipe mengine. Mtu aliyebanwa hivyo, anasema mpinzani wangu, hana nafasi ya kuoka keki za kujifurahisha. Mimi naona kinyume chake. Ni nani anayehitaji saa moja ya kutodaiwa kuliko anayedaiwa siku sita? Sisemi keki zitalipa deni. Hazitalipa. Nasema kwamba deni limeshachukua mchana wake na usingizi wake, na ninyi mnaomshauri mnataka lichukue hata kile kidogo ambacho mkono wake unakifanya kwa hiari.

Itazame kazi yenyewe. Robo kilo ya unga wa ngano, mayai mawili, sukari nusu kikombe, mafuta, maziwa, kijiko cha beking pauda, na boga la kuchemsha lililopondwa, kwa sababu huku kwetu boga huota katikati ya mahindi na msimu wake ukifika lipo mpaka la kugawa. Wasiokuwa na boga hutumia ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile zinazoshuka kutoka Ileje na Rungwe na kupoteza bei zikianza madoa. Iliki inunue nzima, ndani ya maganda. Mafuta yanayobeba harufu yake ni mepesi na hupeperuka punje ikishavunjwa, ndiyo maana ile ya unga iliyokaa dukani miezi mingi inabaki jina tu. Menya, tia punje kwenye kinu kidogo pamoja na kijiko cha sukari. Sukari inazishika zisiruke na inasaidia kuzisaga. Mkono mmoja una mchi, mwingine umeziba mdomo wa kinu, na simu ikiita itaita mpaka ichoke. Mdalasini kipande cha urefu wa kidole. Karafuu mbili tu, ya tatu itatawala keki nzima.

Kisha unafika mahali ambapo kazi hii humkatalia mtu mwenye haraka. Vikavu vinachanganywa peke yake, vya majimaji peke yake, halafu vinakutanishwa kwa mwiko, taratibu, mizunguko michache, mpaka unga mkavu usionekane. Yakibaki mabonge madogo, yaache. Ukikoroga kwa ile nguvu tuliyozoea kusongea ugali, protini za ngano zinashikana na kujivuta kuwa nyuzi, na keki inatoka ngumu, yenye mashimo marefu ndani yake. Mtu aliyerudi kutoka sokoni mabega yamekaza hana budi kuyalegeza, na hayalegezi kwa sababu ameshauriwa kufanya hivyo. Analegeza kwa sababu rojo lililo mbele yake linadai hivyo, na asipotii ataona matokeo nusu saa baadaye. Siijui kazi nyingine ya jikoni inayomzawadia mtu kwa kufanya kidogo kuliko anavyoweza.

Huku kuna jambo la ziada ambalo mwokaji wa pwani halijui. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 95. Hewa ikiwa nyepesi namna hiyo, beking pauda huumua kwa pupa. Keki inapanda haraka, kisha inabonyea katikati kabla haijashika. Vipimo vilivyoandikwa Dar es Salaam au Tanga vinamwangusha mtu wa huku mpaka ajifunze kupunguza beking pauda kidogo na kuongeza vijiko viwili vya maziwa. Mwokaji wa nyumbani anaweza kuyagundua haya peke yake, kwa kutazama tu, akajaribu tena wiki nyingine bila hasara ya kuogopa, kwa kuwa hakuna mteja anayesubiri.

Na moto. Wengi hatuna oveni, wala haihitajiki. Sufuria kubwa nzito inawekewa mchanga mkavu chini, inapashwa vizuri, vikopo vya bati vyenye rojo vinapangwa juu ya mchanga huo, mfuniko bapa unafunika, na makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Ya juu yazidi ya chini, la sivyo zitaungua kitako na kubaki nyeupe kichwani. Kwa dakika ishirini na zaidi hufunui. Unakaa karibu na kunusa. Mwanzo kunanukia mayai na unga mbichi, baadaye sukari, na iliki inajitokeza kwa nguvu zinapokaribia kuiva. Pua inakuwa saa. Nimeona watu wenye maneno mengi wakinyamaza dakika hizo bila kuambiwa, hasa Juni na Julai baridi ya huku inapowasogeza wote karibu na jiko.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha, katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, kliniki ya kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu na msongo wa mawazo namna ya kuielekeza akili kwenye jambo moja lililo mbele yao. Zoezi lake mojawapo linalojulikana sana ni kula zabibu kavu moja: unaitazama, unainusa, unaitafuna polepole, basi. Leo mafunzo ya aina hiyo yanalipiwa duniani kote. Anayetwanga iliki hapa mjini, Sogea au Majengo, akiwa hana pengine pa kupeleka macho yake yuko kwenye zoezi hilohilo, na mwisho wake kuna kitu cha kula na chai.

Sasa ziuze, tuone kinachobadilika. Lazima zilingane, maana mteja akiona ya mwenzake imevimba zaidi atalalamika. Sukari ikipanda, kama ilivyopanda mwanzoni mwa 2024 ilipoadimika nchi nzima, unapunguza yai ili ulinde bei. Iliki ya maganda ni ghali, kwa hiyo unahamia kwenye arki ya chupa. Boga linakuchelewesha, unaliacha. Unaamka saa kumi alfajiri ili ziwahi wasafiri wa mabasi ya asubuhi. Wapo wanaokopa na kukukwepa njiani. Usiku unahesabu zilizobaki na kujiuliza kesho upike ngapi. Kila uamuzi kati ya hayo ni wa busara kwa mfanyabiashara, na kila mmoja unaondoa kipande cha kile ulichokuwa nacho mwanzo. Mikono ni ileile, unga ni uleule, lakini saa yako ya utulivu imekuwa zamu.

Nisieleweke vibaya. Wanaooka kwa kuuza katika mji huu nawaheshimu kwa moyo wote. Wamesomesha watoto kwa mandazi na halfkeki, na hakuna semina iliyowafundisha uvumilivu walio nao. Ninachosema kinawahusu wao kwanza. Mama anayekaanga mandazi tangu alfajiri ndiye mtu wa mwisho anayestahili kuambiwa kwamba muda usiouzwa umepotea. Akiamua siku moja kuoka keki kumi na mbili za boga kwa ajili ya nyumba yake tu, bila kuweka hata moja kwenye ndoo ya biashara, anastahili kuachwa.

Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona. Mji ambao kila mtu wake alikuwa ameambiwa yeye ni biashara yake ukashuhudia biashara ikisimama kwa amri ya siku moja. Miezi hiyohiyo kule Uingereza unga wa ngano uliadimika madukani, kwa kuwa watu waliofungiwa majumbani walikimbilia kuoka mikate na keki. Wengi hawakuwa na mpango wa kuuza. Walikuwa na hofu, nao walihitaji kazi ya mikono yenye mwanzo na mwisho, inayojaza nyumba harufu nzuri. Hatukuwacheka. Tulisoma habari zao na kuwaelewa. Sioni kwa nini hofu ya mtu wa London ipewe dawa hiyo na ya mtu wa Tunduma ipewe somo la mtaji.

Watasema ni gharama. Basi tuhesabu kwa haki. Unga huo, mayai hayo na sukari hiyo vinatoa keki kumi au kumi na mbili, na nyumba nzima inakunywa nazo chai. Linganisha na Jumapili ya mwanamume anayekwenda kibanda umiza kutazama mechi, akanunua bia mbili na kuweka mkeka wa kubeti. Simlaumu kwa mechi. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima ana haki ya kushangilia timu yake. Ninachouliza ni kwa nini hakuna anayemsimamisha mlangoni na kumwuliza starehe yake itaingiza shilingi ngapi. Mzee anayecheza bao chini ya mti tangu saa nane mpaka jua linazama anaitwa mtu aliyepumzika. Mwanamke anayeoka kwa saa moja na nusu anaitwa mtu mwenye fursa asiyoiona. Kipimo hiki cha faida kinatembea na jinsia, na wanaokishika wangekitazama kwanza kabla ya kukileta jikoni.

Wengine watasema mambo haya ni ya kizungu. Hoja hii sitaikalia sana. Mahindi tunayosongea ugali yalitoka Amerika, kahawa ya Mbozi ililetwa wakati wa wamisionari na walowezi, na hakuna anayevikataa mezani. Iliki na karafuu zilifika mwambao kwa njia ya Bahari ya Hindi, na leo iliki inalimwa Usambara na Uluguru, karafuu Pemba. Mkate wa kumimina wa Zanzibar umeokwa kwa makaa ya juu na chini tangu zamani kabla yeyote kati yetu hajaona oveni ya umeme.

Hoja ya mkaa ni nzito zaidi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na misitu ya Songwe inahitaji hatua hiyo. Ninaunga mkono. Lakini keki hizi hazidai gunia. Zinaokwa kwa makaa yaliyobaki maharage yakishaiva, ambayo vinginevyo yangeungua bure mpaka majivu. Mwenye mtungi wa gesi anatumia sufuria ileile na mchanga uleule kwa moto mdogo, na atavumilia vichwa vyake viwe vyeupe kidogo.

Kuna njia ya kirafiki ya kuniteka, nayo ndiyo naiogopa zaidi. Wanasema: sawa, usiuze, ila wagawie majirani ili wazijue, baadaye watakuja wenyewe kuagiza. Kwa maneno machache hayo hata zawadi imegeuzwa tangazo. Kwetu sahani ikienda kwa jirani imefunikwa kitambaa hairudi tupu. Itarudi na mahindi mabichi, maharage, pengine mchele wa Kamsamba kama ana ndugu huko. Hakuna anayeandika, hakuna anayepima kama vimelingana. Mji wenye wageni wengi kama huu, Wanyamwanga na Wanyiha na Wandali wakiishi ukuta kwa ukuta na watu waliokuja juzi kufuata mizigo, unahitaji sahani hizo zitembee bila kuandamana na orodha ya bei. Jirani akianza kushuku kwamba keki aliyoletewa ni sampuli, mara ya pili ataipokea kwa tahadhari, na atakuwa na haki.

Pingamizi moja limenisumbua kwa kweli, nalo linatoka kwa wanawake wenyewe. Dada mmoja ninayemheshimu aliniambia: wewe unasifu jiko, sisi tunalikimbia. Tangu alfajiri ni moto, sufuria, masizi. Na sasa utuambie kwamba raha yetu nayo iko hapohapo? Ana haki ya kukasirika, na yeyote anayetumia makala hii kumrudisha mwanamke jikoni asinitaje. Lakini mateso ya jiko hayatoki kwenye unga wala moto. Yanatoka kwenye amri. Ugali lazima uwepo saa fulani, kwa idadi fulani ya watu, na ukichelewa kuna maneno. Keki hizi hakuna aliyeziagiza. Zisipookwa hakuna atakayelala njaa, zikiungua hakuna atakayemsema mtu, na asiyejisikia kuoka leo haoki. Yule dada akitaka kupumzika kwa kulala, alale. Akitaka kusuka mkeka au kukaa kibarazani bila kufanya lolote, nami nitamtetea kwa maneno yaleyale.

Kisha hakuna sheria inayosema mwokaji awe mwanamke. Madereva wanaokwama kwenye foleni ya mpaka hujipikia pembeni ya malori yao, na wengine wanapika vizuri. Katika bekari nyingi za nchi hii wanaokanda na kuingiza mikate kwenye tanuri usiku ni wanaume. Mvulana wa darasa la sita anaweza kupima unga, kuchekecha na kujua kwa pua kwamba iliki imeanza kutoa harufu. Kwa hiyo mwanamume anayesema kuoka kunamwongezea mkewe mzigo, namwomba aanze yeye Jumapili hii na kinu: iliki punje za maganda kumi, sukari kijiko kimoja, na kiganja juu ya mdomo wa kinu zisiruke.